Kuhusu Chachu Iitwayo Pombe na Jeni Zinazoongoza Kugawanyika kwa Seli

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa wasomaji ambao kazi yao ni lugha, namna wataalamu wa biolojia walivyoitafuta, wakaitenga na kuichunguza jeni moja inayoongoza kugawanyika kwa seli. Huenda msomaji akauliza habari hizi zina uhusiano gani na jarida la lugha za Kiafrika. Uhusiano upo, tena wa namna mbili.

Wa kwanza ni wa jina. Mnamo mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya utengenezaji bia, alieleza aina ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kupasua, sukari na kuvu. Sehemu ya pili ni neno letu, nalo limebaki kama lilivyo, bila kuvishwa kiambishi chochote cha Kilatini. Ni haki kuongeza kwamba uzao wa chachu hii unaotumiwa leo maabarani hautokani na mtungi wa Kiafrika. Urs Leupold, aliyeanzisha utafiti wa urithi wa chachu hii katika miaka ya 1940, alitumia mbegu iliyokuwa imetengwa kutoka katika maji ya zabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1920. Hata hivyo jina halikubadilika.

Uhusiano wa pili ndio mzito zaidi. Mara kwa mara husikika, hata katika idara zetu, kwamba Kiswahili chaweza kubeba siasa, ushairi na biashara, lakini kikifika kwenye mlango wa maabara hukwama. Dai hili haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Litajibiwa, kama linajibika, kwa kulieleza jambo moja gumu toka mwanzo hadi mwisho, na kutazama ni wapi maneno yalitosha na ni wapi yalipungua. Ndilo ninalojaribu hapa.

Kinasi na kazi yake

Kazi nyingi ndani ya seli hutendwa na protini, na maelekezo ya kuunda kila protini yamo katika jeni yake. Lakini seli haiwezi kuziacha protini zake zote zifanye kazi wakati wote, kama vile mtu hawezi kuwasha moto jikoni usiku na mchana. Hapana budi pawepo njia ya kuamsha na kutuliza. Njia mojawapo iliyo ya kawaida mno ni kutundika fosfeti juu ya protini. Fosfeti ni kikundi kidogo cha atomi chenye chaji ya umeme. Ikishikamana na protini huivuta huku na huko, umbo la protini likageuka, na kazi yake ikaanza au ikakoma.

Kimeng'enya kinachofanya utundikaji huo huitwa kinasi. Huichukua fosfeti kutoka katika ATP, ambayo ni hazina ya nishati ya seli, na kuiweka juu ya asidi amino fulani za protini nyingine, yaani serini, threonini au tirosini. Kimeng'enya cha kuiondoa fosfeti ni kingine kabisa, nacho huitwa fosfatasi. Edmond Fischer na Edwin Krebs ndio walioonyesha, kule Seattle katikati ya miaka ya 1950, kwamba kimeng'enya cha misuli huamshwa kwa njia hii; wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Leo inajulikana kwamba binadamu ana jeni za kinasi zaidi ya 500.

Neno kinasi tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho kimelitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kusogeza. Sioni sababu ya kulikataa. Lakini jina la kimeng'enya ni jambo moja na kitenzi cha kazi yake ni jambo jingine. Wengine huandika "kufosforisha", neno ambalo halimwambii mwanafunzi lolote mpaka alikariri. Mimi napendelea kusema kwamba kinasi huivika protini fosfeti, na fosfatasi huivua. Vitenzi hivi viwili vyatoka katika shina moja la kuvaa, vinapingana kimaana kama vile vimeng'enya vyenyewe vinavyopingana, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili asiyevijua.

Jeni geu

Utafiti wetu unahusu chachu mbili. Moja ni hamira, Saccharomyces cerevisiae, inayoumua mkate na mandazi, na ambayo hutumika pia katika mvinyo na bia. Hii huzaa kwa kuchipua: kitumba hutokea ubavuni mwa seli mama, kikakua, kikajitenga. Ya pili ni ile ya Lindner, ambayo nitaiita chachu-pombe. Seli yake ni kama kijiti kifupi chenye ncha za mviringo. Hurefuka pasipo kunenepa, na ifikapo urefu wa takriban maikromita 14 hujikata katikati, zikawa mbili zilizo sawa. Kwa hiyo ukiutazama urefu wa chachu-pombe chini ya hadubini, au ukubwa wa kitumba cha hamira, waweza kukisia seli imefika wapi katika safari yake ya kugawanyika. Faida nyingine ni kwamba chachu zote mbili zaweza kuishi zikiwa na nakala moja tu ya kila jeni, ilhali seli zetu zina mbili. Nakala hiyo moja ikiharibika, hakuna ya pili ya kuficha uharibifu.

Jeni iliyobadilika nitaiita jeni geu, na seli iliyo nayo seli geu. Najua neno hili lina walakini, kwa kuwa "kigeugeu" ni tusi kwa mtu asiye na msimamo. Lakini kwa jeni nitakazozieleza sasa, walakini huo ni sifa. Mtafiti anayetaka kuzijua jeni za kugawanyika kwa kuziharibu anakabiliwa na tatizo la wazi: seli isiyoweza kugawanyika haizai, na isiyozaa haiwezi kufugwa wala kuchunguzwa. Njia ya kutokea ni kutafuta mabadiliko yanayoidhoofisha protini kidogo tu, hata ikafanya kazi kwenye ubaridi na kushindwa kwenye joto. Seli kama hiyo hukua vizuri kwenye nyuzi 23 au 25 za sentigredi. Ikipelekwa kwenye nyuzi 36, hukwama. Hapo kweli ni kigeugeu.

Kwa mbinu hii Leland Hartwell, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alianza mwaka 1970 kukusanya seli geu za hamira zinazokwama mahali pamoja pa safari. Kufikia mwaka 1973 yeye na wenzake walikuwa na zipatazo 150, zilizohusu jeni 32. Jeni hizo zilipewa herufi cdc, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mzunguko wa kugawanyika kwa seli, pamoja na nambari. Iliyo muhimu kwetu ni CDC28, kwa sababu seli zilizoikosa zilikwama mwanzoni kabisa, kabla ya kitumba kuchomoza na kabla ya DNA kuanza kunakiliwa.

Wakati huo huo Paul Nurse, kijana aliyekuwa akifanya kazi na Murdoch Mitchison mjini Edinburgh, alikuwa akitafuta jeni za namna hiyo katika chachu-pombe. Nyingi alizozipata zilisimamisha mgawanyiko, seli zikawa ndefu kama uzi. Ila siku moja aliona seli fupi kupita kiasi, zilizokuwa zikigawanyika zikiwa na nusu tu ya ukubwa wa kawaida. Kwa kuwa alikuwa Uskoti, aliziita wee, neno la Waskoti lenye maana ya "-dogo". Habari hizo zilichapishwa mwaka 1975.

Hapa yafaa tutulie, maana fikra iliyomo ndiyo uti wa mgongo wa mambo yote yanayofuata. Gari likisimama njiani, sababu zaweza kuwa mia: petroli imekwisha, gurudumu limepasuka, waya umekatika. Kusimama kwake hakutuambii ni sehemu gani inayouongoza mwendo. Lakini gari likienda kasi kuliko kawaida, sababu ni mbili tu za kutazamwa: ama breki zimeharibika, ama kanyagio la mafuta limebanwa. Seli fupi ni seli iliyogawanyika mapema mno. Jeni iliyoleta hali hiyo haiwezi kuwa kipuri tu. Lazima iwe na sauti katika kuamua wakati wa kugawanyika.

Nurse alikusanya seli fupi zipatazo 50. Zote isipokuwa moja zilikuwa na badiliko katika jeni ile ile, wee1. Hesabu hiyo yenyewe ni ushahidi. Kuharibu breki ni rahisi, kwa kuwa kosa lolote katika jeni laweza kuiharibu. Ndiyo maana wee1 ilijirudia mara nyingi hivyo. Kubana kanyagio la mafuta ni kugumu, kwa kuwa kunahitaji badiliko mahsusi linaloifanya protini itende zaidi badala ya kutotenda. Ile seli moja iliyosalia ilikuwa ya aina hii ya pili. Nurse mwenyewe amesimulia kwamba sahani iliyokuwa nayo ilivamiwa na ukungu, akaitupa, kisha akarudi kuiokoa katika taka. Jeni yake aliiita wee2. Lakini uchunguzi wa yeye na Pierre Thuriaux, uliochapishwa mwaka 1980, ulionyesha kwamba wee2 haikuwa jeni mpya. Ilikuwa cdc2, jeni ambayo ikiharibika kwa njia nyingine huzuia mgawanyiko kabisa. Jeni moja, basi, ikibadilika hivi inasimamisha, ikibadilika vile inaharakisha.

Kuitenga jeni

Mpaka hapo cdc2 ilikuwa jina tu. Ilijulikana kwa matendo yake na kwa mahali pake katika kromosomu, lakini hapakuwa na mtu aliyeishika mkononi. Kuishika ndiko kunakoitwa kukloni: kukitoa kipande cha DNA chenye jeni hiyo na kukizidisha mpaka kiwe na wingi wa kutosha kusomwa. Neno hili nalo asili yake ni Kiyunani, lenye maana ya kitawi au chipukizi. Mkulima wa Kiafrika apandaye muhogo kwa kipande cha shina, au mgomba kwa chipukizi lake, amekuwa akifanya kloni tangu zamani, maana mimea yote itokayo hapo ni nakala ya mama.

Kazi huanza kwa kukusanya DNA yote ya chachu nzima isiyo na kasoro na kuikata vipande vipande kwa vimeng'enya. Kila kipande huunganishwa na plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA inayoweza kujinakili ndani ya bakteria na ndani ya chachu. Mkusanyiko wa plasmidi hizi, ambazo kwa pamoja zinabeba jeni zote za chachu, huitwa maktaba; na kwa kweli ni maktaba isiyo na orodha, ambamo vitabu vyote vimo lakini hakuna ajuaye kipi kiko rafu gani. Kitabu hutafutwa kwa msomaji anayekihitaji. Plasmidi hizo huingizwa katika mamilioni ya seli geu za cdc2, kisha seli hupelekwa kwenye joto. Karibu zote hukwama. Chache zinazoendelea kuzaa na kufanya makundi juu ya sahani ni zile zilizobahatika kupata plasmidi yenye cdc2 nzima, ambayo imelifidia pengo la jeni iliyoharibika. Mtafiti huitoa plasmidi katika seli hizo, akaizidisha katika bakteria, akaisoma.

Istilahi ninayoipendekeza kwa jambo hili ni ufidiaji. Kuna wanaosema "ukamilishaji", lakini kukamilisha ni kumaliza kilichobaki, na hapa hakuna kilichobaki: kuna upungufu unaolipwa na mwingine. Wanafonolojia wenzetu wana urefushaji wa kufidia, ambapo irabu huchukua nafasi ya kipashio kilichodondoka. Fikra haiko mbali sana.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kundi la seli likipona, si lazima liwe limepona kwa jeni ile ile. Plasmidi huweza kukaa ndani ya seli kwa nakala nyingi, na jeni nyingine kabisa, ikiwapo kwa wingi usio wa kawaida, huweza kuisaidia protini dhaifu isimame. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hukifanya kipande alichokipata kijiunge na kromosomu, kisha hupima kama kimejiunga pale pale ilipo cdc2. Kisipojiunga hapo, amepata mkombozi wa bandia. Wala hawa wa bandia hawatupwi. Jeni iitwayo suc1 ilipatikana kwa njia hii, na ikatokea kwamba protini yake hushikamana na protini ya cdc2 yenyewe.

Jeni CDC28 ya hamira ilitengwa kwa ufidiaji na Kim Nasmyth na Steven Reed mwaka 1980. Miaka miwili baadaye David Beach, Barbara Durkacz na Nurse, katika Chuo Kikuu cha Sussex, walichapisha jambo ambalo halikutazamiwa. Walipoingiza maktaba ya hamira katika seli geu za chachu-pombe, mojawapo ya jeni zilizoziponya ilikuwa CDC28. Chachu hizi mbili zinafanana kwa jina la chachu tu. Ukoo wao ulitengana zamani mno. Hata hivyo jeni ya moja ilikaa katika nafasi ya jeni ya nyingine na kazi ikaendelea, mithili ya neno la lugha moja lililotiwa katika sentensi ya lugha nyingine bila msikilizaji kushtuka.

Ndipo jeni ziliposomwa. Mwaka 1984 Attila Lörincz na Reed walionyesha kwamba mfuatano wa asidi amino wa CDC28 unafanana na wa kinasi zilizokuwa zikijulikana, zikiwemo zile zinazohusika na saratani katika wanyama. Mwaka uliofuata kazi ya kinasi ilipimwa katika protini yenyewe, na mwaka 1986 Viesturs Simanis na Nurse wakafanya vivyo hivyo kwa protini ya cdc2, yenye uzito wa daltoni 34,000 hivi. Msimamizi wa mgawanyiko alikuwa mvika fosfeti.

Kutoka chachu hadi binadamu

Hatua iliyofuata ilihitaji ujasiri, na wengi wangeiona kuwa upotezaji wa wakati. Melanie Lee, katika maabara ya Nurse mjini London, alichukua maktaba iliyotengenezwa kutokana na ujumbe wa RNA wa seli za binadamu, akaiingiza katika seli geu za cdc2 za chachu-pombe, akangoja. Seli chache zikapona. Jeni iliyoziponya, kama walivyoeleza mwaka 1987, ilitoa protini yenye asidi amino 297, na kati ya hizo asilimia 63 zilikuwa zile zile, mahali pale pale, kama za chachu. Babu wa pamoja wa binadamu na chachu aliishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Kinasi hii, ambayo kwa binadamu sasa huitwa CDK1, haifanyi kazi peke yake: inahitaji mwenzi aitwaye saiklini, protini inayojengwa na kubomolewa katika kila mzunguko, ambayo Tim Hunt aliigundua mwaka 1982 katika mayai ya viumbe wa baharini. Hartwell, Hunt na Nurse walishirikiana Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Je, breki ilikuwa nini? Paul Russell na Nurse waliitenga wee1 mwaka 1987, nao wakaona kwamba hiyo pia ni jeni ya kinasi. Kadiri nakala zake zinavyoongezwa ndivyo seli zinavyochelewa kugawanyika na kuzidi kurefuka. Kathleen Gould na Nurse walieleza mwaka 1989 mahali breki inaposhikia: ni tirosini ya 15 katika protini ya cdc2. Ikivikwa fosfeti, cdc2 hutulia. Fosfatasi iitwayo Cdc25 ikiivua, cdc2 huamka na seli hugawanyika. Ushahidi ulipatikana kwa jeni geu iliyotengenezwa kwa makusudi, ambamo tirosini hiyo moja imebadilishwa kuwa fenilalanini. Asidi amino hizi mbili zinatofautiana kwa atomi moja tu ya oksijeni, lakini ni katika oksijeni hiyo fosfeti hutundikwa. Seli iliyo na badiliko hilo haina pa kushikia breki, nayo hukimbilia mgawanyiko kabla ya wakati. Kwa mwalimu wa fonolojia hakuna haja ya kueleza zaidi: pata na bata, kila kitu sawa isipokuwa sifa moja, na maana imegeuka.

Jeni geu za joto zina kasoro yake, kwa sababu joto lenyewe huisumbua seli nzima. Mwaka 2000 kundi la Kevan Shokat na David Morgan lilionyesha njia nyingine. Katika mfuko ambamo kinasi huipokea ATP kuna asidi amino moja kubwa inayokaa kama bawabu. Katika Cdc28 ni fenilalanini ya 88. Ikibadilishwa kuwa glisini, ambayo ni ndogo kuliko zote, mlango hupanuka. Kinasi huendelea kufanya kazi, lakini sasa dawa fulani iliyo pana, isiyoweza kuingia katika kinasi za kawaida, huingia na kuizima. Mtafiti hutia dawa, na kwa dakika chache kinasi hiyo moja, na hiyo peke yake, hunyamaza.

Limebaki suala la majina ya jeni, ambalo wahariri wetu wa kamusi watalikuta mapema. Maoni yangu ni kwamba yasitafsiriwe. Wee1 haiwezi kuwa "dogo1", kwa sababu jina la jeni ni anwani, na anwani ikibadilishwa barua hupotea. Jeni ya binadamu inayolingana nayo yaandikwa WEE1, na dawa za kuizuia kinasi yake zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, ambao wengi wao, nadhani, hawajui kwamba wamebeba neno la Kiskoti katika kila seli ya miili yao.